Taulo Mbili za Jotham Mukhwana

Ijumaa tarehe 31 Agosti 2007, Jotham Mukhwana anastaafu kazi ya kutunza Uwanja wa Ushirika, Bungoma, baada ya miaka ishirini na minane.

Alikuja kutoka Matulo mwaka 1979 akiwa na baiskeli na fyekeo lake mwenyewe. Mistari yake ya chokaa ilinyooka hata refa mmoja akamuuliza ameiba kamba ya fundi gani. Ng'ombe wa majirani walimwogopa kuliko mbwa.

Ameomba wasifu huu usiiruke Jumapili ya tarehe 20 Mei 2001. Ndovu ya Kitale ilikuwa ikiongoza kwa bao moja. Kipa wao, Gathogo, alikuwa ametundika taulo kwenye wavu, na mashabiki wetu waliosimama nyuma ya goli waliamini ndiyo iliyozuia mipira.

"Mzee, toa hiyo dawa! Ama tukuje tuitoe sisi?"

Jotham, aliyekuwa kando ya goli, alidhani atawatuliza. Aliivuta taulo akawatupia. Wao waliona amekiri kwamba dawa ipo. Gathogo alipoifuata, mawe yalianza. Alifariki hospitalini siku ya tatu. Polisi waliikagua taulo, wakakuta jasho tu.

Baada ya mazishi Jotham alikwenda Kitale kwa mama wa marehemu, Rahab Wangechi, muuza mahindi. Hakukaribishwa kiti. "Hiyo taulo nilinunua mimi, hapa soko," mama alimwambia. "Dawa gani, mzee?"

Tangu hapo, kila mechi, Jotham ametoa taulo mbili nyeupe za ofisi. Amezikunjua mbele ya mashabiki wa pande zote, akazikung'uta, kisha akampa kila kipa yake. Taulo ambazo makipa wamekuja nazo zinabaki katika chumba cha kubadilishia nguo. Vijana walimwita Babu Taulo, na makipa walilalamika kwamba sabuni ya mkewe, Edah, anayezifua, inawapigisha chafya. Katika mechi mia moja na arobaini na mbili, mawe yamerushwa mara mbili. Hakuna aliyelazwa.

Utaratibu huo haujaandikwa popote. Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, Jotham aliomba uingizwe katika kanuni za uwanja. Kamati ilikutana Jumanne. Wajumbe watatu walisema kutoa taulo za ofisi ni kukubali kwamba uchawi upo. Mwenyekiti, Bi. Viola Nyambu, aliwauliza kama Gathogo alifariki kwa uchawi au kwa mawe. Uamuzi umeahirishwa hadi Desemba.

Ligi inaanza Jumapili tarehe 9 Septemba, hapa kwetu, dhidi ya Ndovu. Jotham amesema atakata tikiti kama shabiki yeyote na kusimama nyuma ya goli, katikati ya wanaorusha mawe.

Mzee Jotham, ahsante kwa kazi yako na kwa kutoficha kosa lako. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani Matulo, na urudi nyumbani salama Jumapili hiyo.