Bi Zuleha Idarusi na Spreyi ya Chumba cha Bi Harusi

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, mkemia wetu mkuu, Bi Zuleha Idarusi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Kiwanda kizima cha vipodozi hapa Nguvumali hakijatulia, nami naandika haya nikiinuka kitini kila mara.

Alianza na rangi za kucha, akahamia wanja, kisha spreyi za nywele. Vyote vina polima, ile malighafi ya kutengenezwa inayokauka na kuacha utando mwembamba. Kila mgeni alielezwa kwa subira kwamba chembe za polima ni kubwa mno kupenya ngozi. La kuangalia ni mabaki ya kemikali zilizotumika kuitengeneza, na kile kinachovutwa puani. Kwa subira, nimesema? Astaghfirullah! Bi Zuleha hana subira hata chembe. Ole wako akukute koridoni umepaka jeli mpya: atakunusa kichwa mbele za watu.

Mwaka jana tuliijaribu spreyi yetu mpya barazani, maana harufu ilituchosha. Upepo ulivuma, hakuna aliyekohoa, tukapiga makofi. Yeye akagoma. Akauliza, kwani Tanga hii bi harusi hupambwa barazani?

Akatupeleka Makorora, kwa mdogo wake Sabra, mpambaji mwenye pumu. Madirisha yakafungwa kama ilivyo ada, bi harusi asionekane. Udi ukafukizwa, wanawake wakajaa. Bi harusi wa bandia nilikuwa mimi, na hadi leo mnanitania. Sabra aliambiwa abaki uani, lakini mazoea yalimshinda: aliona mtandio wangu umekaa vibaya, akaingia kuurekebisha. Ukungu wa spreyi ulikuwa bado hewani. Akashika kifua, pumzi ikakata, tukamtoa mbiombio. Jamani, niliogopa!

Alipona, alhamdulillahi. Bi Zuleha akazuia makopo yote mpaka yalipowekwa kichwa kinachotoa matone makubwa, yanayotua kwenye nywele badala ya kuelea. Wateja wakalalamika kwamba nywele zinalowa. Sasa meneja wetu, Bwana Godlisten, anataka ule ukungu mwembamba urudi, na kikao ni Jumatatu. Bi Zuleha hatakuwepo. Wiki nzima ananiuliza nitasema nini, nami namjibu tutaona.

Bi Zuleha, shikamoo, na asante kwa yote. Mungu akupe afya, umri na usingizi mzuri. Jumamosi ijayo Sabra ana bi harusi wa kupamba. Jumatatu kiti chako nakikalia mimi, na jibu langu ni hapana.