Kiti Kitupu cha Mbele

Hapana, mwanangu, kiti hicho kirudishe mbele. Unasema wageni wamesimama? Wasimame. Marehemu hakughani shairi hata siku moja bila kiti kitupu mbele yake, kiti cha baba yake, na leo hatumbadilishii. Haya, kaa. Na uache kunikonyeza.

Marehemu mjukuu wangu, mliyemzoea kwa jina la Bibie Kofia, alizaliwa na ualbino tarehe 9 Machi 1994, mtoto pekee wa binti yangu huyu anayenikonyeza. Alilia kwa sauti iliyomfanya jogoo wa jirani ahame mtaa. Baba yake, dereva wa lori, alichungulia wodini, akasema, "Huyu si wangu," akaenda zake. Sisi tukamtazama mtoto: masikio yamechomoza kama vishikio vya sufuria. Ya baba yake yale yale!

Shule alianza 2001. Ubao hakuuona, na mwalimu akamweka nyuma eti ni mrefu. Basi akawa anasikiliza tu, kila kitu akakishika kichwani. Wenzake walimwita Zeruzeru, eti mzimu. Nikamuuliza, "Umewajibu nini?" Akasema, "Bado natafuta vina, Bibi."

Vina alivipata. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwa dobi, ndani, kivulini. Siku za mapumziko alisimama sokoni, juani, maana ndiko watu waliko, akaghani: "Mzimu halipi kodi ya chumba; mimi nalipa." Diwani mmoja mnene alikikalia kile kiti. Marehemu akamuuliza, "Mheshimiwa, wewe ndiye uliyenizaa?" Alinyanyuka kama aliyekalia pasi ya moto.

Watu walipiga makofi. Mganga mkuu wa zahanati naye alipiga. Mafuta ya kukinga jua hayajafika zahanati mpaka leo. Na wale waliomwita Zeruzeru sasa wana watoto, na watoto wanalijua neno.

Hakuolewa. Fundi saa alimposa mwaka 2019. Ndugu zake walikuja, wakampapasa mkono kama wanaonunua kitambaa, wakamaliza chai yangu, hawakurudi.

Mwaka 2022 kidonda kiliota kwenye sikio la kushoto. Saratani ya ngozi. Likakatwa, kisha na la kulia. Akacheka: "Bibi, ushahidi wetu umeliwa."

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, asubuhi, mikononi mwa mama yake. Aliniuliza, "Kiti kimepata mtu?" Mimi niliyewadanganya nyote maisha yangu yote, siku hiyo uongo ulinikimbia. Nikamwambia, "Bado."

Ameacha mama, mjomba, mimi bibi yake, na baba...

"Mama, huyo mtoe!"

Simtoi, binti yangu! Na baba yake, popote alipo. Apumzike kivulini, mahali ambapo jua hali...

Nani huyo mlangoni? Mpisheni. Baba, vua kofia, hapa ni msibani.

Jamani. Masikio yale.

Mwanangu, usimguse. Mwache apite, kiti ki...