Kamba ya Mguuni

Basi la kutoka ziwani halijatia hata gia ya pili, dada mtu keshaanza. Binti yake kamlalia mapajani, nywele bado zinachuruzika maji.

"Ubao wa kusimamia majini ukipiga kasia una kamba ya kufunga mguuni. Kamba iko wapi?"

Mdogo wake, ndiye anayekodisha hizo mbao, akageukia dirishani kama vile jibu limebandikwa nje. "Dada, mtoto si alivaa jaketi la kuelea?"

"Alivaa, sikatai. Kateleza, ubao ukaenda na upepo, yeye kabaki katikati ya maji anamwita mama mpaka mwenye mtumbwi akamwokota. Mimi nimeuliza kamba."

"Nimewanunulia wateja mifuko ya simu isiyoingiza maji. Nina hata spika inayoelea, hapa hakuna mwingine aliye nayo."

"Kwa hiyo simu haizami, muziki hauzami. Wa kuzama ni mpwa wako."

Abiria wa nyuma akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Kamba nilizitoa asubuhi nifungie mbao juu ya basi," mjomba mtu akanong'ona. "Tulipofika nikaona uvivu kuzirudisha. Mbao zingedondoka njiani ningekula wapi, dada?"

"Yaani mbao umezifunga zisipotee."

Basi likasimama. Mjomba akawa wa kwanza kushuka, akakwea ngazi ya nyuma mbio kuangalia mbao zake. Dada mtu akashuka taratibu, kamkamata binti yake mkono.

"Mama, unaniumiza."

Hakulegeza.