Kibali cha Kukata Mti wa Mheshimiwa

Kijiwe chenyewe ni nguzo ya stima. Ililetwa hapa Matisi, mjini Kitale, kabla ya uchaguzi fulani, ikalazwa kando ya barabara mkabala na uwanja, na uchaguzi ulipopita waliokuwa waje kuisimamisha hawakuonekana tena. Watu wakaikalia. Makalio ya miaka yakailainisha kushinda viti vya kanisa, na Nyaruai akaja na jiko lake na birika la kahawa ya tangawizi, akapiga kambi upande wa kichwani. Kwa hiyo anayesema Matisi haijawahi kunufaika na mradi wa stima ni mchochezi. Asubuhi hiyo ya mwaka wa 2007 walikuwepo watatu wa kila siku. Kulikuwa na Hansadi, jina la nyumbani Kang'ethe, karani mstaafu wa baraza la mji, ambaye husoma gazeti la jana kwa sababu la leo, anasema, bado halijathibitishwa. Kulikuwa na Wakoli, anayeitwa Lwakhakha kwa kuwa alifanya biashara kwenye mpaka huo wa Uganda hadi akaamini kila kitu duniani kimepitia pale. Na kulikuwa na Wanyoike, yaani Vumbi, fundi wa kupasua mbao ambaye kwa miaka mingi hakuwa na cha kupasulia. Pawa so yake, ule msumeno wa petroli, ilinyang'anywa msituni na afisa wa misitu aitwaye Mukhisa. Mukhisa huyo sasa alikuwa diwani, mwenyekiti wa kamati ya mazingira, na mgombea wa ubunge. Mchana huo angehutubia uwanjani, na Vumbi angepanda jukwaani kutoa ushuhuda kwamba ameokoka, hakati miti tena. Zawadi ya wokovu ingekuwa ni kurudishiwa pawa so.

— Rudia, akasema Hansadi. Na safari hii usikohoe ukifika kwa giza.

Vumbi akasimama, akashika kikombe kitupu mbele ya mdomo.

— Bwana asifiwe!

— Asifiwe, wakaitikia wote, hata Nyaruai aliyekuwa akipepea jiko.

— Mimi naitwa Wanyoike. Nilikuwa gizani. Nilikuwa nikiangalia mti sioni mti, naona kabati. Nikiangalia msitu naona meza na viti sita. Lakini siku moja Mheshimiwa, wakati huo akivaa sweta ya kijani ya serikali, alinikuta kule juu upande wa Elgon, akanishika bega kwa upole...

— Bega? akadakia Lwakhakha. Si tulisikia alikushika suruari?

— Huu ni ushuhuda, bana. Hapo naweka bega.

Akaketi. Ukweli ni kwamba hakuwa na hakika kama ameokoka. Alichokuwa na hakika nacho ni mgongo, maana tangu siku ile amekuwa akipasua kuni za mahoteli kwa shoka, na mgongo hauna siasa. Tena hakuwa mwizi wa miti. Gogo alilokutwa nalo lilianguka lenyewe kwa upepo, na kibali cha kulipasua alikuwa nacho mfukoni. Kilichokosekana ni muhuri, kwa kuwa mwenye muhuri alikuwa mazishini Bungoma. "Bila muhuri," Mukhisa alimwambia akiinua pawa so na kuitia garini, "hii ni karatasi tu, na karatasi ni mti uliokufa." Maneno hayo Vumbi aliyakariri kuliko Baba Yetu.

— Huyo mtu mimi nilimwona akizaliwa, akasema Hansadi. Kisiasa, namaanisha. Aliacha kazi ya serikali, akaja ofisini kwetu kuomba kiwanja cha kuotesha miche. Tukamwambia aandike barua. Akaandika. Tukaunda kamati. Kamati ikaona haiwezi kuamua juu ya miche kabla haijaona miche ya wengine. Ikaenda Mombasa.

— Mombasa kuna miche?

— Kuna hoteli. Waliporudi wamenawiri, Mukhisa akawatazama hivi, akajitazama na matope yake. Akaelewa kwamba anayepanda miti hubaki Kitale, na anayeunda kamati hufika baharini. Jembe akaliacha palepale kwa kizingiti cha ofisi. Mimi ndiye niliyeliondoa.

— Hiyo ni ndogo, akasema Lwakhakha. Wewe uko na mambo ya ofisi tu. Jiulize, hizo pawa so zote alinyang'anya watu zilienda wapi? Si ati ni ya Vumbi peke yake. Saboti alichukua, Kiminini alichukua. Zilienda wapi?

— Stoo ya serikali.

— Selikali iko na stoo gani haivuji? Mimi niliziona kwa haya macho, pale mpakani Lwakhakha, zinavuka daraja zikiwa zimerundikwa kwa mkokoteni kama kuku. Upande ule wanakata msitu, mvua inapotea, upande huu yeye anakuja anasema, "Mnaona? Mazingira yameharibika, nipeni kura." Mtu anatengeneza ugonjwa ndio auze dawa!

Vumbi akageuka mzima mzima.

— Yangu uliiona?

— Yako ilikuwa namna gani?

— Mpini nimeuzungushia tyubu ya baiskeli. Nyekundu.

Lwakhakha akafikiri, akanywa, akafikiri tena.

— Siku hiyo kulikuwa na ukungu.

— Wacha kumtia mtu baridi asubuhi, akasema Nyaruai. Mzee, lete kikombe nikuongezee kahawa, hii naweka mimi.

Lakini baridi ilikuwa imeshaingia. Vumbi akaanza kujiona jukwaani, ameshuhudia mpaka jasho, halafu anakabidhiwa fulana na kofia na picha ya mtu mwenyewe. Hansadi, ambaye huona aibu kushindwa kwa uongo kwenye nguzo aliyoizoea, alikuwa akisoma bango lililobandikwa ukutani.

— "Mukhisa, Baba wa Miti Milioni Moja." Haya. Milioni moja.

— Ni mmoja, akasema Lwakhakha.

— Milioni moja, imeandikwa.

— Wazee, nisikizeni vizuri. Mche ni mmoja. Asubuhi anaupanda shule ya msingi, watoto wanaimba, picha inapigwa. Wageni wakienda kula, dereva anakuja pole pole, anaung'oa na mchanga wake, anautia kwa gunia. Mchana unapandwa dispensari, Tuwan. Jioni uko harambee Bungoma. Kesho uko mazishi Webuye. Huo mche umetembea Kenya hii kunishinda mimi!

— Ndiyo maana haukui, akakubali Hansadi kwa uzito wa karani. Na kwa kanuni za baraza, ukisafiri namna hiyo unastahili marupurupu. Sasa yanalipwa kwa jina la nani? Hapo ndipo mkaguzi angeanza.

Vumbi alicheka mpaka kahawa ikampitia puani, kisha akakumbuka kwamba mchana huo ndiye atakayeusifu huo mche.

Ndipo mama mmoja akateremka kwenye mkokoteni uliojaa ndizi, akamlipa mwenye mkokoteni, akasimama mbele ya nguzo akijifuta jasho kwa leso. Aliitwa Viola, na alikuwa ametoka Bungoma alfajiri akifuata umati wa mkutano.

— Hamjambo wazee.

— Hatujambo mama. Karibu kahawa.

— Kahawa baadaye. Jua hili litapika ndizi zangu kabla watu hawajafika. Naona hapo ukutani mtu wenu amepanda miti milioni moja. Mimi sitaki mingi. Nionyesheni mmoja niweke ndizi kwa kivuli.

Wakatazamana.

— Kuna ule wa shule, akaanza Hansadi. Ila ule uliliwa na mbuzi.

— Wa dispensari ulijengewa choo juu, akasema Lwakhakha.

— Wa sokoni ulikanyagwa na watu waliokuja kuuona ukipandwa.

— Nimeomba mmoja tu, akasema Viola.

Nyaruai, mikono ndani ya karai la vikombe, akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara.

— Si huo hapo.

Kwenye lango la uwanja ulisimama mgrevilia, mrefu, umetanuka, kivuli chake kimelala mpaka nusu ya barabara. Wazee walikuwa wameutazama kila siku ya Mungu. Sasa wakaugeukia kana kwamba umeshuka kwenye basi la asubuhi.

— Huo ni wake? akauliza Vumbi.

— Aliupanda bado akivaa sweta. Alikuja peke yake siku ya Jumapili, hakuna picha, hakuna wimbo. Akaniomba maji. Mimi huumwagia hii ya kuosha vikombe mpaka wa leo.

— Kumbe umelelewa na kahawa, akasema Lwakhakha. Ndiyo maana uko macho hivyo.

Hansadi alionekana kukasirika kidogo, kama mtu aliyegundua kwamba kuna jambo limefanyika mjini bila kupitia ofisini kwake. Viola alikuwa ameshavuka, anapanga mikungu yake chini ya mti.

Hata vikombe havijajazwa upya, pikipiki ikafunga breki mbele yao. Kijana aliyeshuka alivaa fulana yenye uso wa Mukhisa kifua kizima, na alibeba gunia.

— Niaje wazee. Naitwa Kipruto, niko kwa timu ya Mheshimiwa. Wanyoike ni nani hapa?

Vumbi alikuwa ameona kitu chekundu kikichungulia kwenye mdomo wa gunia. Tyubu ya baiskeli.

— Ni yeye, akasema Nyaruai.

— Mzee, Mheshimiwa ametuma hii mapema. Iko na petroli, iko na oili. Ila kuna kakazi kadogo kwanza. Lori ya spika haiingii kwa uwanja, huo mti wa geti umesimama vibaya. Uulaze chini haraka haraka, halafu mchana unashuhudia.

Vumbi aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto wake hospitalini. Akashika mpini; tyubu ilikuwa bado na alama za vidole vyake. Akavuta kamba. Ikakohoa. Akavuta tena, ikanguruma, na mbwa wote wa Matisi wakaitikia. Mgongo wake ukanyooka wenyewe. Akatazama ule mti, na palepale, bila kutaka, akaona kabati. Akaona na rafu zake. Halafu chini ya kabati akaona ndizi, na mama amesimama mikono kiunoni.

Akaizima.

Viola alikuwa ameshavuka barabara kurudi.

— Ati unataka kukata kivuli changu?

— Nimetumwa, mama.

— Na nani?

— Mheshimiwa.

— Huyo huyo aliyepanda?

— Huyo huyo.

— Na ukishaukata, mchana utasimama mbele ya watu ushuhudie nini?

Vumbi akamtazama Hansadi. Hansadi akatazama gazeti la jana. Lwakhakha akatazama upande wa Uganda. Pawa so ilikuwa nzito na nzuri mikononi, na Kipruto ameshanyoosha mkono kutaka kuirudisha kwenye gunia kama kazi haifanyiki.

— Kijana, akasema Vumbi polepole. Kibali kiko wapi?

— Kibali cha nini?

— Cha kukata mti.

— Lakini ni Mheshimiwa mwenyewe amesema!

— Amesema kwa mdomo. Mdomo hauna muhuri.

Uso wa Hansadi ukang'aa. Akakunja gazeti, akakaa wima, na kwa dakika hiyo hakuwa mstaafu.

— Mti ulio kwenye ardhi ya baraza haukatwi bila kibali kilichotiwa saini na mwenyekiti wa kamati ya mazingira. Nakala tatu. Na mwenye kifaa akishakabidhiwa kifaa, hukaa nacho akingojea kibali. Hiyo ni kawaida.

— Na huyo mwenyekiti ni nani? akauliza Kipruto.

— Unamvaa, akasema Nyaruai.

Kipruto akainamia kifua chake. Kisha akatoa simu, akageukia ukuta, lakini sauti ya Mheshimiwa ilikuwa ya mikutano. Simu haikuweza kuizuia.

— NANI HUYO ANAKATA MITI?

— Ni sisi, Mheshimiwa. Ule wa geti. Wanasema wanataka kibali chako.

— Nilisema kinachozuia lori kiondolewe. Mti gani wa geti?

— Huu wa hapa Matisi. Mgrevilia, mkubwa.

Simu ikanyamaza hata Lwakhakha akadhani kredi imekwisha. Sauti iliporudi ilikuwa ndogo, sauti ya mtu aliyevaa sweta.

— Kwani bado uko?

— Uko, Mheshimiwa.

Halafu mikutano ikarejea kooni.

— Usiguswe! Lori likae nje. Jukwaa liwekwe chini yake hapo. Na mpiga picha aje saa hii, kabla jua halijageuka!

— Na hii pawa so, Mheshimiwa? Mheshimiwa? Hello?

Hapo kredi ikaisha kweli. Kipruto akaitazama pawa so. Vumbi alikuwa ameshaiweka chini ya nguzo, katikati ya miguu yake, na kuikalia kwa macho.

— Imeulizwa, haijapingwa, akasema Hansadi. Imepita.

Pikipiki ikaondoka kumtafuta mpiga picha.

— Na ushuhuda? akauliza Lwakhakha. Si umeharibika?

— Sasa ndio umepata nyama, akasema Vumbi. Nitawaambia leo asubuhi nilikuwa na pawa so, petroli ndani, na amri kutoka juu. Na mti umesimama.

— Na yeye aliyetoa amri utamweka wapi?

— Huyo nitamweka pale kwa bega.

Viola akacheka, akaketi mwisho wa nguzo, akapokea kahawa yake hatimaye. Akaipuliza, akatazama bango, akatazama mti, akawatazama wazee mmoja mmoja.

— Sasa huyu mtu, mnampatia kura ama hapana?

Watu watatu wakaingiza nyuso zao ndani ya vikombe kwa pamoja. Vumbi akaigusa tyubu nyekundu kwa kidole cha mguu.

— Mama, akasema, hebu tuongezee kwanza tufikirie.

Nyaruai akainua birika, akalitikisa. Tangawizi tupu ikagonga chini. Akakusanya vikombe vyao, akavisuuza, akabeba karai kiunoni, akavuka barabara kwenda kuumwagia mti.