Uzito Ulioandikwa Mlangoni

Kaeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Clayton, weka simu mfukoni. Ruthanne, usilie, bado nina hasira ya kutosha kuniweka hai mpaka nimalize.

Miaka arobaini na moja nimefunga springi katika karakana hii, hapa Wyoming, nikinyanyua pikapu za wafugaji zilizolala nyuma kwa uzito wa matela ya farasi na majani makavu. Basi sikilizeni kwa nini nimeudhika. Jumanne nilikuwa nimelala hapa dirishani, nikamsikia mwanangu wa kumzaa, Clayton, akimwambia yule baba mwenye nyumba ya kukokotwa na gari, mkewe na watoto watatu wakiwa garini: "Kwa hii mifuko ya hewa niliyokufungia juu ya ekseli ya nyuma, bwana, gari lako sasa linabeba ratili elfu moja zaidi. Nenda popote."

Linabeba nini, Clayton? Nani alikufundisha hivyo? Mfuko wa hewa unanyanyua mkia wa gari, basi. Breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, matairi ni yale yale, na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango haubadiliki hata ufunge springi za lori. Dada yako alikuwa amekwisha kumkatalia mtu yule, akamwambia apunguze mizigo au atafute gari kubwa, nawe ukamcheka mbele ya mteja: "Huyu dada yangu anaogopa hata baiskeli." Ikabidi nimwagize Ruthanne awapigie simu, wakarudi wamekunja nyuso, wakashusha jenereta na mapipa ya maji hapo uani. Ukanuna siku mbili. Nuna tu.

Sasa nawaambia jambo ambalo mama yenu alikwenda nalo kaburini. Mnamkumbuka Imogene Pruett, aliyewafundisha kuogelea. Mumewe, Lowell, alileta pikapu yake, anataka kuvuta farasi wanne hadi upande wa pili wa mlima. Nikamwongezea majani mawili ya springi, yale mabamba ya chuma, kila upande, gari likanyooka kama meza. Akalizunguka, akanipiga bega: "Harlan, sasa hata nyumba yako naivuta." Nilikuwa nimeshasoma kibandiko chake. Nilijua amezidisha mno. Nikacheka naye, maana alikuwa rafiki yangu, na kumkatalia niliona haya. Kwenye mteremko, Imogene akiwa ameketi kando yake, breki zikapata moto zikaacha kushika, tela likamsukuma mpaka bondeni. Lowell alitoka mzima. Imogene hakutoka.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Mazishini Lowell alinishika mkono, akasema, "Nilichelewa kukanyaga breki, Harlan. Nilichelewa." Nikamjibu, "Pole, ndugu yangu." Miaka kumi na tisa nimemwacha aamini hivyo. Ndiyo maana Jumanne niliwarudisha wale watu, Clayton. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako.

Basi, karakana, zana na jina lake vyote ni vya Ruthanne. Ukitaka kazi utamwomba yeye, na neno lake juu ya mzigo ndilo la mwisho. Shamba la mtoni na ng'ombe ni vyako, sijakutupa. Nipeni maji. Kidogo tu... Asante.

Jumapili nenda kwa Lowell. Wewe, Clayton, si dada yako. Mkae mezani, umwambie... umwambie hakuchelewa. Mwambie Harlan alijua, akacheka. Akikutukana, usiondoke. Msikilize mpaka amalize, kwa niaba yangu.

Njooni niwashike vichwa. Mungu awalinde barabarani, awape... awape ulimi wa kukataa, hata mbele ya rafiki. Pendaneni. Clayton, sogea, mwanangu, sikuoni vizuri. Hapo. Hapo hapo.