Mlikuwa Mkiniombea Nikiwa Juu ya Shimo

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za mchana. Kabla sijaanza naomba nisimame hapa karibu na mlango. Nimeliwaza jambo hili tangu juzi, nikaona mtu anayekuja kusema ninayokuja kuyasema ni vizuri awe na njia.

Kwa miezi mitano nyie watu wa jumuiya hii mmekuwa mnaniombea. Kila Jumamosi, nyumba kwa nyumba, kuanzia hapa Kinyerezi mpaka kwa wale wenzetu waliohamia Tabata. Mama alikuwa ananisimulia kwenye simu: leo wamekutaja, leo wamekuombea ulinzi kule chini ya ardhi, gizani, mita kumi na nane. Ndugu zangu, nasema mbele ya mama yangu aliyekaa pale: katika miezi hiyo mitano, minne ya kwanza sikuwa chini. Nilikuwa juu. Nyie mlipokuwa mnafumba macho kwa ajili yangu, mie nilikuwa kivulini nachambua maharage.

Mlioanza kucheka naomba mpumzike kidogo, bado tuko mbali.

Mnanijua. Nilimaliza chuo, shahada ya jiolojia, mambo ya miamba, halafu nikakaa nyumbani miaka miwili. Tatizo langu ni kichwa. Nikiona tangazo la kazi naanza: nikiipata je? Ofisi iko Tegeta, nitaamka saa ngapi? Nikichelewa siku ya kwanza? Wakinifukuza, nitamwambiaje mama? Nikija kumaliza kuwaza, muda wa kutuma maombi umekwisha. Kuna barua moja niliiandika mara kumi na moja, na mara ya kumi na mbili nikaamua kwamba neno "Ndugu" pale juu lina mazoea mno. Sikuituma.

Sasa mjomba wangu, kaka yake mama, ana shimo la opali huko bara, nchi kavu, mbele ya Dodoma, ambako miti ina miiba mingi kuliko majani. Opali, kwa wasioijua, ni jiwe la vito. La kule ni la kijani, na ukibahatika kupata zuri, ukiligeuza juani linachezesha rangi kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi la maji. Mjomba aliishia darasa la saba. Alimpigia mama akamwambia, niletee huyo msomi wako, mie nina shimo na yeye ana cheti, tutakutana katikati. Mama alilia kwa furaha. Nyie mkanifanyia sala ya kuniaga. Nikaenda.

Shimo la mjomba linashuka wima kama kisima, halafu kule chini linageuka na kwenda ubavuni kuufuata mshipa wa jiwe. Ngazi hakuna. Unaweka mguu kwenye kitanzi cha kamba, unaishika kamba kwa mikono miwili, na juu watu wawili wanazungusha winchi ya mkono kukuteremsha polepole.

Na pale kuna desturi. Kabla mguu haujaingia kwenye kitanzi, walioshika winchi wanakuuliza: una neno? Maana yake, una kinyongo na sisi? Kuna jambo umelificha, kuna uongo unatembea nao? Kama lipo unalisema hapo hapo. Mjomba anasema mtu anayekushikia kamba lazima ajue amemshikia nani. Basi kila asubuhi wanaume wazima wanapanga foleni. Sina neno. Sina neno. Ninalo, jana mie ndiye niliyemaliza sukari. Anatukanwa kidogo, anashuka.

Siku ya kwanza nilichungulia mle ndani, nikarudi nyuma, nikafungua daftari langu. Niliorodhesha vitu vinavyoweza kuniua nikafika thelathini na nne, na hapo nyoka nilikuwa sijawagusa. Nikamwambia mjomba inabidi kwanza niusome mwamba kutoka juu. Mjomba ni mpole, akasema sawa, Profesa, na jina likakaa. Wiki ya pili nikasema nasubiri upepo ugeuke kwa ajili ya hewa ya chini. Wiki ya tatu nikatoa maelezo marefu kuhusu mwezi mchanga ambayo hata mie sikuyaelewa.

Mpishi wa kambi, mama mmoja mwenye mikono kama ya fundi chuma, akachoka kuniona nimekaa. Yeye na wifi yake, wakishapika, huchekecha kifusi kinachotolewa shimoni, maana vipande vidogo vya opali hupita humo bila kuonekana. Akanipa chekeche. Nikawa mtu wa tatu wa chekeche, na nafasi zikiruhusu, mtu wa maharage.

Uongo wenyewe ulianza kidogo. Mama alipiga akauliza kama nimeshashuka. Nikamjibu, tunashuka kila siku. Halafu katibu wetu akaomba picha ya kuweka kwenye grupu la jumuiya. Nikaazima kofia ngumu ya mjomba, nikajipaka udongo mashavuni, nikasimama mdomoni mwa shimo nikihema kama mtu aliyetoka sasa hivi. Mkaandika Amina mpaka simu ikapata moto. Mzee mmoja hapa, simtaji, alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne huku analia. Niliusikiliza wote. Nilikuwa na chekeche mkononi.

Hapo ndipo nilipojifunga. Mwanzo sikushuka kwa sababu ya woga. Sasa zilikuwa sababu mbili, kwa kuwa nikikanyaga kitanzi tu nitaulizwa neno, na neno lenyewe lilikuwa limeshajaa grupu zima.

Mwezi wa nne shimo likaharibika. Mshipa wa opali ulikatika ghafla, kama mtu kaukata kwa kisu. Walipiga mwamba mtupu wiki tatu. Vijana wawili wakafungasha wakaondoka. Mjomba akaniita pembeni akaniambia mwisho wa mwezi analifukia shimo, na mie nirudi Dar. Akasema hivi, na maneno haya yaliniuma kuliko matusi: "Dada nitamwambia mie ndiye nimeshindwa. Wewe sitakutaja."

Siku mbili baadaye ikawa siku ya mnada, wanaume wote wakaenda. Mjomba hakwenda. Hakuwa na raha, alitaka kuutafuta mshipa peke yake. Mpishi na wifi yake wakamteremsha. Mnamo saa nane mchana tukasikia anaita kutoka chini, sauti yake haina haraka hata kidogo. Kiuno kimekaza. Kakaa, hawezi kusimama, na tochi inafifia.

Nikatazama juu. Nchi ile haioni mvua miezi na miezi, na siku hiyo upande wa mashariki mawingu yalikuwa meusi kama sufuria. Shimo lile halina ukingo; maji yakija yanaingia ndani moja kwa moja.

Mpishi akasema lazima mtu ashuke amfunge kamba, asipofungwa hapandi. Nikasema ni kweli kabisa. Akasema winchi inataka watu wawili wenye nguvu. Nikakubali pia. Akanitazama.

"Mikono yako tumeiona kwenye chekeche. Kwa hiyo unashuka."

Nikamwambia naomba nikaangalie daftari mara moja. Alilichukua mkononi mwangu akaliweka kwenye kigoda, akalikalia kwanza, ndipo akasimama kushika mpini wa winchi.

"Una neno?"

"Sina."

Akauachia mpini, akakunja mikono. "Mie simshushi mtu midomo inamcheza. Una neno."

Mawingu yanakuja, mjomba yuko chini, na mama huyu hana haraka na mtu. Nikasema. "Nimewadanganya watu. Kule Dar wanajua nashuka kila siku."

"Watu wangapi?"

"Kama thelathini na tano. Na mama."

"Wao wanafanyaje?"

"Wananiombea."

Wifi yake alicheka mpaka akakaa chini, akawa anapiga udongo kwa kiganja. Mpishi hakucheka. Akaniambia, "Neno la watu thelathini na tano siwezi kulibeba mie. Ukitoka humo utakwenda kuwaambia wenyewe. Umekubali?"

Nikasema nimekubali.

"Weka mguu."

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba nilisali. Nilifumba macho nikawa nahesabu. Nilikuwa nimefika mia mbili na kitu nikasikia wifi anapiga kelele kutoka juu kwamba nimeshafika chini zamani, niiachie kamba, wanaihitaji.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye kijibaraza cha mwamba, ameegemea ukuta, mwanga wa tochi umekuwa wa njano. Akanitazama kama mtu aliyetembelewa na mgeni asiyemtarajia. "Karibu, Profesa," akasema. "Ndiyo huku tunapokaa."

Nilimfunga kanga mbili za mpishi chini ya makwapa ili kamba isimkate, nikamwingiza kwenye kitanzi, nikavuta kamba kuwapa ishara. Akaenda zake juu akizunguka polepole, anagumia. Nikabaki peke yangu na ile tochi, na matone ya kwanza ya mvua yananidondokea kichwani.

Mtu wa aina yangu akibaki peke yake gizani anafanya nini? Anawaza. Nikatafuta hatari ya kuanza nayo, nikakumbuka orodha iko juu, kwenye kigoda cha mpishi. Sikuwa na kitu cha kusoma isipokuwa ukuta. Basi nikausoma. Nikaona mpasuko mwembamba umepita mshazari, na mwamba wa upande huu haulingani na wa upande ule, kama kitambaa cha mistari kilichoshonwa vibaya. Vitu hivi nilivichora darasani mpaka vidole vikauma. Ardhi ilikatika hapo zamani za kale na upande wa pili ukateremka. Mshipa haukwisha. Umeshuka. Wachimbaji walikuwa wanautafuta usawa wa kifua, wakati wenyewe uko magotini.

Nikapiga goti pale alipokuwa amekaa mjomba, nikapangusa vumbi kwa mkono wa shati. Mstari wa kijani, unene wa vidole viwili.

Kamba iliporudi nilipanda macho wazi, mvua inanipiga usoni. Mjomba walikuwa wamemlaza kwenye mkeka chini ya turubai, mpishi anamkanda kwa taulo la moto. Nikamweleza.

"Kwa hiyo wiki tatu nimeukalia."

"Ndiyo, mjomba."

"Nakula karanga, nimeukalia."

"Ndiyo."

Akamwambia mpishi amkande taratibu, kicheko kinamuumiza.

Hatujatajirika, msianze kuniangalia hivyo. Lakini shimo halikufukiwa, wale vijana wawili wamerudi, na mie nashuka kila asubuhi, nausoma mwamba, nawachorea wapi pa kupiga. Kwenye kitanzi bado nahesabu kwanza. Wanangoja nifike kumi, ndipo wanazungusha.

Mama nilimpigia siku ile ile, nikaungama. Akaniambia alijua tangu ile picha. "Mashavu yana udongo, kucha nyeupe kama za daktari." Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema, "Ungejua kwamba nimejua, ungewaza mpaka ukaugua." Lakini kwa jumuiya akasema hawezi kunisaidia, nije nisimame mwenyewe.

Nimesimama. Naomba mnisamehe. Nimewaza sana kuhusu zile sala, kama zilipotea. Mliomba mwamba usiniangukie, na kweli pale kwenye maharage hakuna jiwe lililoniangukia. Naona nyingine zilichelewa tu kunikuta.

Namshukuru mjomba aliyenisubiri bila kuniaibisha. Nawashukuru mpishi na wifi yake, ambao walinishusha wakijua wamemshikia kamba mtu wa namna gani. Namshukuru mama. Nawashukuru nyie, hasa yule mzee wa dakika nne. Na kama una kijana ndani anayewaza mpaka jua linazama, usimwambie aache kuwaza. Nimeambiwa hivyo maisha yangu yote na sijawahi kuona swichi ya kuzimia kichwa. Mwonyeshe tu watu watakaomshikia kamba, kisha mpe kazi ya kile kichwa.

Jumatatu narudi bara. Ombi ninalo moja, na safari hii ni la kweli: mie niacheni kidogo, kiombeeni kiuno cha mjomba. Amesema Jumatano anashuka, na pale kambini mtu pekee anayeweza kumkatalia ni mpishi, naye amekwenda likizo.