Maji Aliyoyapooza Mzee Mvuke

Wasikilizaji wapendwa, leo tuweke vicheko kando. Mpishi wa shule yetu ya bweni, Mzee Mvuke, hatunaye. Amefariki kwa amiba, kijidudu cha tumbo kisichoonekana kwa macho. Narudia: amiba.

Jina la Mvuke tulimbandika sisi, watundu wa bwenini. Kila asubuhi alichemsha maji yetu ya kunywa mpaka jiko likafuka kama linaungua. Lakini sisi tuna kiu, na midomo yetu haina breki.

"Mzee, haya ni ya kunywa au ya kunyonyolea kuku?"

"Subirini yapoe, wajukuu! Mlizaliwa mnakimbia?"

Kisha huruma inamshinda. Anachota jagi la maji ya tangi, anayamimina kupooza yale ya moto. Narudia: maji yaliyochemka yalipozwa kwa yasiyochemka. Mlango ulitiwa kufuli, dirisha likaachwa wazi. Na kikombe cha kwanza alionja yeye.

Walioumwa bwenini walitibiwa, wakapona. Mzee, naye akiumwa, alificha ugonjwa wake. Mkewe ndiye aliyemwona akirudi chooni ameshika tumbo. Siku moja akaona damu.

"Baba watoto, twende hospitali."

"Nikaseme nini? Mpishi anahara! Nani atagusa chungu changu tena?"

"Afadhali chungu kikose mlaji kuliko mimi nikose mume."

Mzee akacheka, akameza vidonge vya vidonda vya tumbo, akakaza mshipi. Mkuu wa shule alipouliza hali, mama huyo akajibu, "Mafua tu." Homa ikapanda. Ubavu wa kulia ukauma. Walipofika hospitali, ini lilikuwa na jipu la usaha, nalo limepasuka. Daktari akasema ugonjwa huu una dawa, ukiwahiwa. Mama alikunja shati la mumewe, akalikunjua, akalikunja tena.

Wasikilizaji wapendwa, chemsheni maji, yafunikeni, yapoe yenyewe. Naweni kwa sabuni mtokapo chooni na kabla ya kushika chakula. Matunda na mboga mbichi zioshwe kwa maji salama. Ukihara damu, wahi hospitali.

Pole, mama. Poleni, watoto. Sisi wajukuu wa jikoni tumekosa hata la kutania.

Tulimwuliza mama kama tutangaze tu kwamba mzee "aliugua kwa muda mfupi". Akatikisa kichwa.

"Litajeni tumbo," alisema. "Yeye alilificha, na mimi nikamsaidia kulificha."